Majivu, Samaki na Mfungo

Jumatano ya Majivu mwaka 2025 ilikuwa tarehe 5 Machi. Nilikuwa nimetoka misa ya asubuhi, msalaba wa majivu ukiwa bado katika paji la uso wangu, na niliposhuka kwenye daladala hapa Buhongwa nilipita kama kawaida kwenye kibanda cha fundi cherehani ambaye ni jirani yangu. Huyu ni mtu aliyeokoka, msomaji wa Biblia kweli kweli, wala hana tabia ya kuzunguka mbuyu.

"Wangaluka, Mwalimu," alinisalimu. "Naona leo mmejipaka masizi tena."

Tulicheka. Kisha akasimamisha cherehani yake, akaniuliza bila mzaha: "Mwalimu, wewe umefundisha watoto kusoma miaka mingi. Nionyeshe basi mahali palipoandikwa kwamba Mkristo afunge siku arobaini kabla ya Pasaka. Mahali pamoja tu panatosha."

Nilimwambia nitamletea jibu. Sikuwa na aya ya kumwonyesha, na sipendi kubahatisha mbele ya mwanafunzi, awe mtoto au mtu mzima. Ukweli, ndugu msomaji, ni kwamba aya hiyo haipo. Yesu alifunga siku arobaini jangwani, lakini hakuwaagiza wanafunzi wake wamwige kila mwaka. Alisema watafunga siku bwana arusi atakapoondolewa kwao. Hakusema lini wala mara ngapi. Zaidi ya hayo, Injili isomwayo siku ileile ya majivu, ya Mathayo sura ya 6, inamtaka mwenye kufunga anawe uso ili watu wasimtambue. Sisi tunaisikia, tunaitikia, halafu tunajipanga mstari kupakwa majivu usoni! Bahati yangu fundi hakujua kwamba ndilo somo la siku hiyo. Angejua, angenimaliza palepale.

Swali lake halikuwa geni kwangu. Nimelisikia nyumbani tangu utoto. Baba yangu alikuwa mtu wa Bukumbi, ambako Mapadri Weupe walifungua misheni yao mwaka 1883 baada ya kuondoka Buganda. Mama alitoka upande wa Nassa, binti wa mwinjilisti wa AIC. Nassa ina historia yake. Kwanza walikaa pale wamisionari wa CMS, Waanglikana, ambao wana Kwaresima katika Kitabu chao cha Sala; mwaka 1909 wakaiachia misheni ile kwa wamisionari wa African Inland Mission, watu wa Biblia na mahubiri, wasioshika kalenda ya majira ya Kanisa. Kwa hiyo hata mahali pamoja, kando ya ziwa lilelile, Kwaresima imekuwamo na imetoka kwa kubadilishana wenyeji tu.

Mama alihamia dini ya baba kwa sababu ya ndoa, akawa mwaminifu, lakini majivu hakuyapenda hadi mwisho wa maisha yake. Baba aliposema kwamba siku za Ijumaa hakuna nyama, mama alijibu kwa upole kwamba hata Jumatatu haikuwapo. Hilo lilikuwa kweli. Kitoweo chetu kilikuwa furu, ningu, dagaa na nsansa. Asubuhi tulikula michembe. Ng'ombe walikuwapo zizini, lakini ng'ombe ni mahari na akiba, hachinjwi kwa sababu mtu ana hamu. Mwaka mzima tulikula chakula cha Kwaresima bila kujua. Kilichobadilika ni kwamba baba aliacha pombe siku zote arobaini, na ile fedha ya pombe aliifunga katika kitambaa akampa mama yake mzazi, ambaye alikuwa mjane. Nikiwa mtoto sikuona uhusiano wa kitambaa kile na dini. Niliuona baadaye sana.

Nilipostaafu nilipata nafasi ya kusoma kwa utulivu mambo ambayo Chuo cha Ualimu Butimba hakikuwa na sababu ya kutufundisha. Nikagundua kwamba mfungo huu ulikua polepole kama mti, na mwanzoni ulikuwa mche mdogo sana. Kuna kitabu kidogo cha kale kiitwacho Didake, mafundisho ya Mitume, ambacho wataalamu wengi wanakiweka karibu na mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa karne ya pili. Kilipotea kwa karne nyingi, kikachapishwa upya mwaka 1883, mwaka uleule wa misheni ya Bukumbi. Didake inawataka Wakristo wafunge Jumatano na Ijumaa. Tena inasema kwamba anayekwenda kubatizwa afunge siku moja au mbili kabla, na anayembatiza afunge pamoja naye, na wengine wowote wanaoweza. Nakuomba uishike hiyo sentensi ya mwisho, maana nitairudia.

Kiasi cha mwaka 190 palitokea ugomvi mkubwa kati ya Askofu Viktori wa Roma na makanisa ya Asia juu ya tarehe ya Pasaka. Irenei, askofu wa Lyon, alimwandikia Viktori kumtuliza. Katika barua yake alieleza kwamba hata mfungo wa kabla ya Pasaka haukuwa mmoja: wengine walifunga siku moja, wengine mbili, wengine zaidi, wengine saa arobaini mfululizo. Pamoja na hayo wote waliishi kwa amani, na tofauti zao katika kufunga zilithibitisha umoja wao katika imani. Mimi nasema barua hii ingefaa kusomwa katika kila kanisa la Mwanza, pamoja na makanisa ya maturubai.

Siku arobaini zinajitokeza wazi katika karne ya nne. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 unazitaja kwa kupita tu, kama jambo ambalo watu wanalifahamu. Miaka michache baadaye Athanasi wa Aleksandria alimwandikia Askofu Serapioni ahimize watu wa Misri wafunge, wasije wakachekwa kwamba dunia nzima inafunga isipokuwa wao. Sababu hiyo si ya kiroho sana, lakini Athanasi hakuificha. Kiasi cha mwaka 350 Sirili kule Yerusalemu alitumia siku zile kuwafundisha katekisimu wale waliojiandaa kubatizwa Pasaka. Masomo yake tunayo mpaka leo, na mimi kama mwalimu huyasoma kwa kijicho, maana ana mpangilio mzuri. Basi Kwaresima ilikuwa, kwa sehemu kubwa, muhula wa mwisho wa wanafunzi wa ubatizo, na waliokwisha kubatizwa walifunga nao ili wasiwe peke yao. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alipoamuru katika karne ya 19 kwamba Mwafrika anayetaka ubatizo afundishwe miaka minne, alikuwa akiiga desturi hiyo ya kale. Wazee wa Bukumbi walilalamika kwamba ni mingi mno. Lakini waliovumilia walijua walichokipokea.

Mti ukikua sana huota pia magugu chini yake. Katika Ulaya ya zamani walikatazwa nyama, na mahali pengi hata maziwa, mayai na siagi. Wenye uwezo walilipa ili waruhusiwe siagi, na katika mji wa Rouen, Ufaransa, kanisa kuu lina mnara ambao hadi leo unaitwa Mnara wa Siagi, kwa sababu inasemekana ulijengwa kwa fedha hizo. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini huko Zurich, mwaka 1522, mchapaji Christoph Froschauer na wafanyakazi wake walikula soseji wakati wa Kwaresima. Alijitetea kwamba kazi ilikuwa nyingi na watu wake hawakuweza kuifanya kwa uji peke yake. Padre Zwingli alikuwapo mezani; yeye hakula, lakini wiki chache baadaye alihubiri kwamba Mkristo ana uhuru wa kula au kutokula, na hakuna mtu mwenye mamlaka ya kumfunga dhamiri kwa jambo ambalo Mungu hakuliamuru. Matengenezo ya Kanisa katika Uswisi yalianzia katika sahani ile. Fundi wangu wa Buhongwa, ingawa hajapata kumsikia Zwingli, ni mjukuu wake halali.

Waingereza nao walikuwa na lao. Mwaka 1563, chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, nchi ikiwa tayari ya Kiprotestanti, Bunge lilitunga sheria ya kuongeza siku ya kula samaki badala ya nyama. Sheria yenyewe ilitamka kwamba lengo ni kuwasaidia wavuvi na mabaharia, wala si dini. Sisi wa ziwani tungewaelewa.

Lakini mfano unaonisumbua zaidi uko karibu nasi, Ethiopia. Hakuna Wakristo wanaofunga kuwashinda Wahabeshi. Wanafunga Jumatano na Ijumaa kama Didake ilivyosema, wana mfungo mkuu wa siku 55 kabla ya Pasaka, na mingine kadhaa. Siku hizo hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Padre Mreno Francisco Álvares, aliyeishi huko kuanzia mwaka 1520 hadi 1526, alisimulia habari za Mahfudh, mtawala wa Zeila, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwashambulia wakati wa Kwaresima, akijua kwamba wamedhoofika kwa njaa na hawawezi kupigana. Aliuawa vitani kiasi cha mwaka 1517. Niliposoma habari hiyo nilijiuliza: watu wa namna hii ni wapumbavu, au wana kitu ambacho sisi hatunacho? Mtu anajua kwamba adui atakuja Machi, na Machi ikifika anafunga. Sijapata jibu linaloniridhisha. Ninachojua ni kwamba Kanisa lao limesimama zaidi ya miaka 1,600, na mifungo yao imesimama nalo.

Sasa nirudi ziwani, kwenye samaki. Sheria yetu Wakatoliki inatukataza nyama siku ya Ijumaa, na samaki inaruhusiwa. Waliotunga desturi hii waliishi mahali ambapo nyama ilikuwa karamu na samaki ilikuwa unyenyekevu. Hapa Mwanza mambo yamepinduka. Sangara waliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufika miaka ya 1980 walikuwa wameongezeka mno, na furu wetu wa utotoni wakatoweka kwa wingi. Vikaja viwanda vya minofu. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wenye ziwa tukabaki tukigombania mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya mnofu kutolewa. Nimewaona akina mama wakiyakaanga na kuyauza kwa watu ambao hawakuwa na uwezo wa kununua zaidi. Halafu Ijumaa ya Kwaresima mtu mwenye nafasi anaketi hotelini, anaagiza sato mzima wa kukaanga, na kwa mujibu wa sheria amejinyima! Namtania fundi kuhusu mambo mengi, lakini kwa hili sina la kumtania.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo sijapata kulieleza hadharani. Mwaka 1984 nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni katika mkoa huu. Msomaji wa rika langu anaikumbuka hali ilivyokuwa. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza akiba ya nchi. Sabuni, sukari na chumvi vilipatikana kwa foleni. Unga tulioletewa ulikuwa wa yanga, yale mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na haukutosha. Shule ilikuwa ya serikali, yenye wanafunzi wa dini zote. Kundi la wanafunzi Wakatoliki lilinijia na wazo jema: katika Kwaresima waache chakula cha mchana kila Ijumaa, na unga utakaobaki upelekwe kwa wazee wasio na ndugu. Nilifurahi mno. Nikatangaza mstarini kwamba anayetaka, wa dini yoyote, aandikishe jina kwa kiranja. Nilisema ni hiari. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na niliamini kwamba mkuu wa shule akisema jambo ni hiari linakuwa hiari.

Mpishi wetu, mzee aliyekuwa amepikia shule tangu wakati wa wamisionari, alinifuata ofisini. Alisimama mlangoni ameshika kofia yake, akasema, "Mwalimu, samahani. Hawa watoto wamekwisha funga tangu Januari." Nilimshukuru, nikamwambia kwamba ni kwa ajili ya roho. Akaondoka.

Ijumaa ya tatu, jioni, tukiwa katika shamba la pamba la shule kwa kazi za kujitegemea, mvulana wa kidato cha kwanza alianguka katikati ya matuta. Tulimbeba hadi zahanati. Alikuwa na malaria, lakini mganga alinieleza waziwazi kwamba mwili haukuwa na kitu cha kupigania. Nilipouliza nikaambiwa kwamba mtoto yule hata Mkatoliki hakuwa. Aliandikishwa kwa sababu bweni lake lilitaka kuwa la kwanza kwa majina mengi. Na asubuhi uji ulikuwa haujamfikia, kwa kuwa wakubwa huanza.

Alipona. Mama yake alikuja kwa miguu, akafika siku ya Jumapili. Nilijitayarisha kwa lawama, nikawa nimepanga maneno. Hakunilaumu. Alinisalimu kwa heshima, akapiga goti kama desturi yetu ilivyo, akasema, "Mwalimu, huyu nilimleta kwenu ili ale na asome. Kusoma nasikia anasoma." Maneno yaliishia hapo. Nimehudhuria mahubiri mengi ya Kwaresima tangu siku ile, na hakuna hata moja lililoniingia kama hilo. Isaya sura ya 58 inasema jambo hilohilo, kwamba mfungo anaoutaka Bwana ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Lakini mimi nilikuwa nimemnyang'anya mwenye njaa chakula chake ili nimgawie mwenye njaa mwingine, na nikajiandikia sifa.

Nilifuta utaratibu ule kesho yake. Kwa miaka kadhaa baadaye nilikuwa karibu kukubaliana na Zwingli: kila mtu na dhamiri yake, mwisho. Tena Kanisa langu mwenyewe lilikuwa limekwisha elekea huko. Tarehe 17 Februari 1966 Papa Paulo wa Sita alilegeza sheria, na siku za kufunga kwa lazima zikabaki mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mengine yaliachwa kwa maaskofu na kwa hiari ya waamini. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamtaka afunge aliyetimiza miaka 18 mpaka anapotimiza 59. Mimi imeniachilia siku nyingi.

Lakini nimeishi kuona matunda ya hiari hiyo, na siwezi kusema ni matamu. Tulipoambiwa tuchague wenyewe jinsi ya kujinyima, wengi wetu tulichagua kutojinyima. Mtu peke yake husahau. Angalia jirani zetu Waislamu. Mwaka ule wa 2025 Ramadhani ilikuwa imeandama siku chache kabla ya majivu yetu, na mtaa mzima ulijua: mama wa chapati alihamishia biashara yake jioni, vijana walipunguza sauti za redio wakati wa futari, hata wasiofunga walijizuia kula njiani. Waswahili wa pwani waliuweka mwezi huo katika kalenda yao kiasi kwamba miezi inayofuata huhesabiwa kutoka kwake, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Tisa. Mfungo wa jamii una nguvu ambayo mfungo wa mtu mmoja hauna. Na maskini huonekana katika mwezi huo, kwa kuwa futari haipendezi kuliwa peke yako.

Kwa hiyo nimefika mahali ambapo simridhishi padre wangu kikamilifu wala fundi wangu. Haifai Mkristo yeyote ahesabiwe pungufu kwa kutoshika Kwaresima. Paulo alikwisha waambia Wakolosai wasihukumiwe kwa chakula wala sikukuu. Lakini kanisa lisilo na majira yoyote ya toba linamwachia kila mtu mzigo ambao wengi hatuwezi kuubeba peke yetu. Na sentensi ile ya Didake, kwamba wafunge wale wanaoweza, pamoja na yule anayebatizwa, ndiyo ninayoiona kuwa kipimo: kwanza tazama ni nani ambaye hawezi, kwa sababu amekwisha funga bila kupenda. Huyo apewe sahani. Mpishi wangu aliijua Didake bila kuisoma.

Nilimpelekea fundi jibu hili baada ya Pasaka, kwa kifupi zaidi kuliko nilivyoliandika hapa. Alisikiliza akishona suruali ya mteja. Nikamwuliza na mimi la kwangu: wale wa kanisa lake, kila Januari, hutangaziwa maombi ya kufunga ya siku 21. Imeandikwa wapi?

Alisimamisha cherehani, akanitazama juu ya miwani. "Danieli sura ya 10," alisema. "Wiki tatu."

"Danieli hakuambiwa kila Januari," nikamwambia.

Akacheka mpaka uzi ukakatika. Nikamwomba mwaka unaokuja anipe tarehe mapema, nifunge nao walau siku tatu, kwa kuwa umri wangu hauruhusu zaidi. Alikubali, akasema atamweleza mchungaji. Nilipokuwa nimefika barabarani akaniita.

"Lakini Mwalimu, masizi yenu mimi sijipaki."